Nitafakari nini kesho asubuhi?

Swali: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Muheza, mama wa watoto watatu. Kwenye mafungo ya Kwaresima tulihimizwa kutafakari walau robo saa kila siku kabla pilikapilika hazijaanza. Nikanunua daftari, nikaorodhesha mada: Jumatatu upendo, Jumanne imani, Jumatano msamaha, na kuendelea. Wiki ya tatu mada zikaniishia, na hata zile nilizozitafakari sikumbuki ziliniachia nini. Sasa nafunga macho, nafungua Biblia popote na kuweka kidole. Juzi kidole kiliangukia orodha ya majina ya ukoo katika Mambo ya Nyakati, nikacheka, nikafunga. Siku nyingine robo saa nzima inaishia kwenye ada za watoto na marejesho ya mkopo. Mada nzuri ya tafakari huchaguliwaje?

Jibu: Milele amina, Mwalimu.

Nimelisoma swali lako mara mbili na sioni uvivu ndani yake. Ninachokiona ni lile daftari. Umefanya ambavyo mwalimu yeyote angefanya: umeandaa azimio la kazi. Upendo ni mada kuu, imani ni mada kuu, msamaha ni mada kuu. Darasani mada kuu haina shida kwa sababu chini yake kuna mada ndogo, kuna malengo, kuna zana, na kuna watoto arobaini wanaokutazama. Lakini ukikaa kwenye mkeka saa kumi na moja alfajiri, peke yako, mkononi una neno "upendo" tu, akili haina pa kushika. Dakika ya kwanza utajiambia upendo ni jambo jema. Ya pili utajilaumu kwamba hupendi vya kutosha. Ya tatu umeshafika kwenye ada.

Kwa hiyo naomba uache kutafuta mada, utafute kitu. Nikisema kitu nina maana ya mtu fulani, mahali fulani, tendo moja, au neno moja lililotamkwa na mtu huyo mahali hapo. Kiwe kidogo kiasi cha kuingia kwenye kiganja.

Biblia yenyewe ndivyo inavyolielewa neno hili. Zaburi ya kwanza inamsifu mtu ambaye sheria ya Bwana "huitafakari mchana na usiku". Sisi tukisikia kutafakari tunamwona mtu ameshika shavu, ametulia tuli, anawaza. Neno la Kiebrania lililoko pale, haga, lina sauti. Ni kunong'ona, kuguna kwa chini kooni. Isaya analitumia kwa simba angurumaye juu ya windo lake (31:4), na kwa mlio wa hua (38:14). Simba yule hana mada. Ana mnyama mmoja chini ya miguu yake na hataki kumwachia.

Wamonaki wa zamani walikuwa na picha nyingine ambayo mtu yeyote aliyewahi kufuga ataielewa haraka: kucheua. Guigo wa Pili, mkuu wa monasteri ya Grande Chartreuse kule Ufaransa katika karne ya 12, aliandika kwamba kusoma ni kukitia chakula mdomoni, kutafakari ni kukitafuna, sala ni kuipata ladha yake, na taamuli, yaani kumtazama Mungu kimya kimya, ni utamu wenyewe. Mbuzi hacheui shamba zima. Hukata majani kidogo, akatafuta kivuli, akalala, kisha akayarudisha yale yale kinywani. Wewe umekuwa ukikata majani kila siku bila kulala kivulini.

Sasa tuchukue kitu kimoja tukione kwa karibu. Yohana 4:6. Yesu anatoka Uyahudi kwenda Galilaya, anapita Samaria, anafika kwenye kisima cha Yakobo. "Basi Yesu, kwa sababu amechoka kwa safari yake, akaketi vivi hivi kisimani." Halafu tunaambiwa ilikuwa yapata saa sita.

Mstari mmoja tu, lakini angalia umebeba nini. Amechoka. Siku nzima unaweza kukaa hapo, hasa wewe unayesimama mbele ya ubao tangu asubuhi na kurudi nyumbani kupika. Mwana wa Mungu ana miguu inayouma. Kesho yake unahamia kwenye "vivi hivi". Naipenda sana tafsiri ya Kiswahili hapa, maana tunajua kabisa mtu anavyokaa vivi hivi: bila kiti, bila mkeka, bila kupangusa vumbi, anajiachia tu. Siku nyingine unakaa na saa sita. Hapa Waswahili tumependelewa. Wasomaji wa lugha nyingi za Ulaya huhitaji maelezo chini ya ukurasa ili wajue saa ya sita ni saa gani. Sisi tunahesabu kama alivyohesabu Yohana: saa sita ni saa sita, jua la utosi, kivuli kimeingia chini ya miguu. Unalijua jua hilo, umewahi kuvuka nalo uwanja wa shule. Siku ya nne unagundua kwamba yuko peke yake, wanafunzi wameenda mjini kununua chakula, kisima ni kirefu na hana kitu cha kutekea. Yuko kando ya maji na ana kiu. Siku ya tano unaketi upande wa pili wa kisima, humwelezi chochote, mnakaa tu.

Nimekuhesabia siku tano na bado yule mwanamke Msamaria anayekuja kuteka maji hajafika.

Mtakatifu Ignasi wa Loyola aliyaweka haya kwenye utaratibu. Aliandika mwanzoni kabisa mwa kitabu chake, Mazoezi ya Kiroho, kilichoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548, kwamba kinachoishibisha roho si kujua mengi, ni kuyahisi na kuyaonja mambo kwa ndani. Ndiyo maana mazoezi yake yamejaa marudio. Anakuamuru urudi kwenye tafakari ile ile, usimame pale ulipopata faraja, na pia pale ulipopata ukiwa. Na ukipata unachokitafuta, akasema, tulia hapo hapo bila haraka ya kusonga mbele.

Wapishi wa pwani wanajua kwamba tui la kwanza ndilo zito, la pili jepesi, la tatu ni maji meupe tu. Kwenye tafakari nimeona kinyume chake. Mkamuo wa kwanza ndio mwepesi, kwa sababu unakutana na yale uliyokwisha kuyasikia kwenye mahubiri. Mkamuo wa tatu, siku ya tatu juu ya maneno yale yale, ndipo tui linapokuja. Daftari lako lilikuwa linabadilisha nazi kila siku.

Utauliza: nazi yenyewe naipata wapi? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2705, imekutajia maghala: Maandiko Matakatifu, hasa Injili, picha takatifu, maneno ya liturjia ya siku au ya kipindi, maandishi ya mababa wa maisha ya kiroho, kitabu kikubwa cha uumbaji, na kitabu cha historia, yaani haya yanayotokea leo. Kwa mtu anayeanza na mwenye robo saa tu, ushauri wangu ni mfupi: Injili ya Dominika inayokuja. Usichague wewe. Kanisa limeshakuchagulia, kwa mzunguko wa miaka mitatu, A, B na C, na kalenda ya kiliturujia inayouzwa parokiani ina kila kitu. Jumatatu isome yote, polepole, kwa sauti ya chini. Tafuta mahali ambapo mdomo umesita, neno lililokuvuta au lililokukera. Chukua hilo tu, likae nawe hadi Jumamosi. Jumapili utalisikia likisomwa na padre na utahisi kama anasoma barua uliyokwisha kuifungua.

Nimesema lililokukera na nimekusudia. Wengi huchagua tu aya zinazobembeleza. Neno linaloudhi mara nyingi limegusa kidonda, na kidonda ndicho kinachohitaji mganga. Wale vibarua wa Mathayo 20 walioajiriwa saa kumi na moja jioni wakalipwa sawa na walioanza alfajiri huwaudhi watu wengi waadilifu, hasa walimu wanaojua maana ya kufanya kazi kuliko mwenzako na kupokea mshahara ule ule. Ukiudhika, usigeuze ukurasa.

Faida nyingine ya kuchaguliwa ni kwamba huwezi kujikwepa. Mtu akijichagulia mwenyewe mwaka mzima, atazunguka kwenye vitu vitatu vinne anavyovipenda. Wenzetu Wamoravian, ambao ni wengi Mbeya na Tabora, wana aya za kila siku zinazochapwa tangu mwaka 1731 kutoka Herrnhut, Ujerumani, na ile ya Agano la Kale hupatikana kwa kura. Msomaji anapokea asichokichagua.

"Sasa hiyo si sawa na kidole changu?" Hapana, na hapa nitachelewa kidogo, kwa sababu desturi ya kidole imeenea na watu huitetea kwa kumtaja Mtakatifu Agostino. Wanasema: yeye si alisikia sauti ya mtoto, "twaa, usome", kwenye bustani kule Milano mwaka 386, akafungua, akasoma aya moja, akaongoka? Kweli kabisa. Ila soma vizuri. Kitabu alichokifungua kilikuwa Nyaraka za Paulo, nacho ndicho alichokuwa akikisoma siku zile na kukiacha pale alipokuwa amekaa rafiki yake Alipio. Aya aliyoiona, Warumi 13, ilianguka kwenye udongo uliolimwa kwa miaka na machozi ya mama yake Monika. Yeye hakuwa anatafuta kitu cha kujaza robo saa. Tena alifanya hivyo siku moja, hakufanya kila asubuhi. Kidole chako kina sura tisa za majina mwanzoni mwa Mambo ya Nyakati za kukiangukia, na ingawa majina yale ni Neno la Mungu, sikushauri kuanzia hapo.

Tuje kwenye ada na mkopo. Usiviombee radhi. Watu huniambia, "mawazo ya dunia yananiharibia tafakari", kana kwamba Mungu angependa umjie bila watoto wako. Shida ni pale unapokaa na mkopo peke yako. Hapo unawaza, hutafakari. Kuwaza kunazunguka, kunarudi pale pale kama ng'ombe wa kinu, na ukiamka umechoka kuliko ulivyokaa. Dawa ni kuuingiza mkopo ndani ya tukio la Injili. Kwa hali yako ningekupa Marko 4:38. Dhoruba, mashua inajaa maji, na Yesu yuko katika shetri, yaani nyuma ya chombo, amelala juu ya mto. (Nilipokuwa mtoto nilidhani amelala juu ya mto wa maji, nikaona ni muujiza mkubwa kuliko wa kutuliza bahari. Ni bibi yangu aliyenionyesha mto wa kitandani.) Wanafunzi wanamwamsha: "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Basi robo saa yako nzima iwe hilo swali, kwa sauti ya mtu ambaye marejesho yake yanaiva Ijumaa. Usikimbilie kwenye shwari. Wanafunzi walikuwa na ujasiri wa kumuuliza wakiwa wamelowa.

Uone na alivyolala. Mtu anayelala kwenye shetri wakati chombo kinayumba ama amechoka mno, ama anamwamini mtu. Mimi nimekaa miaka kwenye aya hiyo na sijaamua ni lipi, labda ni yote mawili.

Rozari unayo tayari, kwa hiyo sitaieleza sana. Nikukumbushe tu kwamba kila tendo limekuja na neema yake ya kuomba: Maria anapashwa habari, tunaomba unyenyekevu, anamtembelea Elizabeti, tunaomba mapendo kwa jirani. Siku ambayo huna nguvu ya kusoma, chukua tendo moja badala ya matano. Matendo ya Mwanga, aliyoyaongeza Papa Yohane Paulo II mwaka 2002, yana harusi ya Kana, na mtu yeyote aliyewahi kuwa kwenye kamati ya harusi anaijua hofu ya vinywaji kuisha.

Kuna vitu ambavyo kwa sasa ningekuomba uviache. Kimoja ni hukumu na moto, ikiwa wewe ni mtu wa kujilaumu, na barua yako inanukia hivyo kidogo. Tafakari hizo zina mahali pake, Ignasi anazo katika wiki ya kwanza ya mazoezi, lakini huko mtu ana mwongozi pembeni. Kingine ni kasoro za watu wengine. Ukijikuta unatafakari mfano wa Farisayo na mtoza ushuru huku unamwona mwalimu mkuu wako ndani ya kanzu ya Farisayo, umeshahama.

Cha tatu ni mtego wetu sisi tunaofundisha. Niliwahi kufanya mafungo ya siku nane, mimi mwenyewe, si kuwaongoza wengine. Siku ya nne nilikuwa na tafakari nzuri ajabu juu ya Petro kutembea juu ya maji, mawazo yanamiminika, nikashika kalamu. Sista aliyekuwa akiniongoza akasoma kurasa zangu, akanirudishia, akasema: "Haya ni mahubiri matatu mazuri. Wewe ulikuwa wapi?" Nilikasirika hadi jioni. Wewe utaliona kwa jina lingine: andalio la somo. Utasoma Injili na papo hapo utafikiria jinsi ya kuieleza kwenye kipindi cha dini au kwenye jumuiya. Ukiona hivyo, punguza kitu kiwe kidogo zaidi. Ni vigumu kuandaa somo juu ya mtu aliyeketi vivi hivi.

Na siku kavu zitakuja, nakuambia mapema. Utakaa na neno na halitatoa hata tone. Mtakatifu Teresa wa Avila, mwalimu wa Kanisa katika mambo ya sala, alikiri kwamba kwa miaka kumi na minane hakuthubutu kuanza sala bila kitabu mkononi, isipokuwa baada ya Komunyo. Wakati mwingine kukifungua tu kulimtosha. Huyo huyo, kabla hata hajawa mtawa, alikuwa na kitu kimoja cha kila usiku kabla ya kulala: Yesu akisali peke yake bustanini Gethsemane. Miaka na miaka, bustani ile ile. Hakuona haya kutobadilisha.

Kwa siku kavu kabisa kuna mstari mmoja ambao Yohane Kasiano, aliyekusanya mafundisho ya wamonaki wa jangwa la Misri mwanzoni mwa karne ya 5, anasema waliupokezana kama hazina, unaofaa mtu akiwa na njaa, na usingizi, na hasira, na furaha: Zaburi 70, aya ya kwanza. "Ee Mungu, uniokoe, Ee Bwana, unisaidie hima." Hadi leo Masifu ya Asubuhi na ya Jioni yanaanza na maombi hayo. Hayo nayo ni tafakari. Ukiyanong'ona robo saa nzima ukiwa unasinzia, umefanya haga.

Jambo la mwisho ni saa ya kuchagua. Usichague asubuhi. Asubuhi akili inatafuta viatu vya mtoto. Chagua usiku, vyombo vikishaoshwa, saa tatu hivi, na uchague kwa dakika tano tu. Ignasi alitaka mtu akishalala, kabla usingizi haujamchukua, kwa muda wa Salamu Maria moja, akumbuke ataamka saa ngapi na atatafakari nini. Ukiamka unakuta kitu kimeshaloa usiku kucha kama maharage. Na ukimaliza, fanya alivyoshauri Fransisko wa Sales mwaka 1609, kwenye kitabu alichowaandikia hasa walei wenye shughuli zao: aliyetembea kwenye bustani nzuri haondoki bila kuchuma maua machache ya kunusa siku nzima. Neno moja linatosha. Wewe una chaki, liandike pembeni ya ubao, watoto watadhani ni msamiati.

Daftari usilitupe. Ligeuze upande wa pili, na badala ya kuandika utakachotafakari andika, baada ya tafakari, mstari mmoja tu: nilisita wapi. Baada ya mwezi lisome. Ignasi alipolala majeruhi Loyola mwaka 1521, mguu umevunjwa na mzinga kule Pamplona, hakuwa na la kufanya ila kuota ndoto za ushujaa na kusoma maisha ya Kristo na ya watakatifu. Akaja kugundua kwamba ndoto za ushujaa zilimfurahisha zikapita zikamwacha mkavu, na yale mengine yalimwacha na furaha hata baada ya kuyaacha. Aliyaona haya kwa sababu alitazama kilichobaki. Mstari wako mmoja wa kila siku utakuonyesha kilichobaki, na hapo hutahitaji kuniuliza uchague nini.

Kwa leo usiku: Yohana 4, aya ya 5 hadi ya 7, hadi pale anaposema "Nipe maji ninywe". Ishia hapo, funga kitabu, zima taa. Mtungi ambao yule mwanamke aliuacha kisimani uko aya ya 28, na naomba usiuguse kabla ya wiki mbili.